Mimi, Iodini na Chumba Chenye Feni

Jumanne, 3 Juni

Nimemeza. Kidonge kimoja tu, kidogo, hata ladha hakina. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa makubwa! Nesi alikitoa ndani ya kijisanduku cha madini ya risasi, akanimiminia mdomoni bila kukigusa, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mazungumzo yaliyobaki tukayafanya kwa mbali kama watu waliogombana. Mwanamke mpole sana. Nimemshukuru mara tatu, ya tatu nikiwa nje.

Masharti: nilale peke yangu siku kumi. Sahani yangu, kikombe changu. Wajawazito na watoto wadogo nikae nao mbali mpaka tarehe 24, baada ya hapo niko huru. Haya yote niliambiwa mimi peke yangu, maana mke wangu alibaki kwenye benchi la nje. Hilo la kubaki nje nimelitafakari njia nzima.

Niandike na sababu, nisije nikasahau nikishapona. Tezi yangu ya shingo ilipandwa na wazimu mwaka jana. Moyo unakimbia na mimi nimekaa. Nguo zote zimekuwa za mtu mwingine. Usingizi hakuna. Mikono inatetemeka, na mimi ni fundi cherehani! Suti ya mteja wangu, Bwana Harusi, ina mguu mmoja wa suruali mpaka leo. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Aprili, mji wa mbali, na sikuwa na nguvu hata ya kupanda basi nikamwone. Binti yangu ameahidi kumleta Agosti. Nimekubali kumeza kitu ambacho nesi mwenyewe anakikimbia ili Agosti nimbebe mtoto yule kwa mikono iliyotulia. Sina sababu nyingine.

Kufika nyumbani, mke wangu ameshanitandikia chumba cha nyuma. Chumba chenye feni! Hiki ndicho chumba anachokitwaa kila likizo shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mwalimu wa fizikia. Sisi tunamwita Profesa, kwa sababu hajawahi kujibu swali lolote kwa chini ya dakika arobaini. Likizo yake inaanza keshokutwa.

Mke wangu akauliza nesi amesema nikae humo mpaka lini. Mdomo ukajibu wenyewe: katikati ya Julai. Shule nazo zinafunguliwa katikati ya Julai. Sadfa tu.

Alhamisi, 5 Juni

Profesa kafika. Begi, redio, taulo tayari begani. Kaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu. Nikakohoa. Nikamwambia asisogee, nina mionzi.

Uso wake! Ningekuwa na kamera!

Amepewa sofa ya sebuleni. Sofa ni fupi, yeye ni mrefu. Miguu inaning'inia kuanzia kwenye magoti. Namshukuru seremala aliyeitengeneza, mahali popote alipo.

Nilidhani atanuna. Wapi! Kaburuta kiti mpaka mwisho wa korido na kuanza kunifundisha ugonjwa wangu. Akasema iodini niliyomeza si ile ya kwenye chumvi. Hii kiini chake hakijatulia, na kila siku nane nusu yake inakuwa imegeuka kitu kingine. Hiyo inaitwa nusu maisha. Nikauliza swali moja kwa adabu, ili amalize. Akalichukulia kuwa ni hamu ya kujifunza. Dakika arobaini! Lakini feni ilikuwa inazunguka juu yangu, kwa hiyo sikuteseka sana.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi, Bwana Harusi dirishani. Jina hili alilipata alipoleta kitambaa cha suti ya harusi. Harusi imeshapita, alivaa suti ya kaka yake, jina limebaki. Alikuja na maneno makali. Nikamweleza kwa upole kwamba mwilini mwangu mna mionzi na kwamba dirisha haliizuii. Akarudi nyuma mpaka barabarani. Kutokea huko akasema hana haraka, nipumzike, Mungu ni mwema. Mwaka mzima nimetafuta maneno ya kumtuliza mtu huyu. Asante iodini!

Mchana mambo yakaharibika. Mtaa mzima umejua. Mteja mmoja karudisha gauni, anataka likapimwe. Wawili wengine wamesimama nyuma yake na nguo zao mikononi. Nikiwa nimejifungia huku nyuma, siwezi kutoka kujitetea, nikasikia sauti ya Profesa pale mbele ya nyumba, dukani kwangu. Anawaeleza kwamba fundi kameza dawa Jumanne na gauni limeshonwa Mei, na kwamba mionzi haikai ndani ya kitambaa ikisubiri mwenye nguo. Akawachosha mpaka wakaondoka na nguo zao. Sikumwomba. Nimelazimika kumshukuru. Inakera.

Jioni mke wangu aliweka chakula kwenye kigoda nje ya mlango, akagonga, akaenda kukaa mwisho wa korido. Tukazungumza mpaka chakula kikapoa. Siku hizi tukikutana tunaulizana tu kama gesi ipo. Leo kanisimulia habari za utoto wake ambazo sikuwahi kuzisikia, na amecheka akiwa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya enzi za uchumba. Ni mke mzuri. Nimelala nikiwa nimeshiba na nimefurahi.

Jumatano, 11 Juni

Hatari. Mke wangu amekumbuka hesabu ya Profesa. Leo zimetimia siku nane, kasema, nusu imekwisha, na siku nane nyingine zitamaliza nusu iliyobaki. Akajumlisha kwa vidole: tarehe 19! Profesa arudi chumbani kwake, maana mgongo unamuuma.

Nilifikiri haraka. Sijui akili ile ilitoka wapi. Nikamwambia hapana, mke wangu, siku nane zijazo zinaondoa nusu ya nusu. Inabaki robo. Siku nane tena, nusu ya robo. Halafu nusu ya hiyo. Kila mara kuna nusu inabaki. Kwa hesabu, nikasema, kitu hiki hakiishi kamwe.

Akamwita kaka yake, akamuuliza kama ni kweli. Mimi jasho. Profesa alinitazama kwa muda mrefu kutoka mwisho wa korido. Kisha akasema ukiifuata ile hesabu ya nusu peke yake, ndiyo, kwenye karatasi haifiki sifuri. Akarudi kwenye sofa yake akijishika kiuno.

Nimeshinda! Ila sielewi kwa nini amenisaidia. Mtu huyu ana lake jambo. Nitamchunga.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimetunga uzi kwenye sindano kwa mara moja. Mara moja! Nikauchomoa, nikatunga tena. Na tena. Kuna vidonge vya moyo ninavyomeza asubuhi na kuna iodini, sijui nani kafanya kazi gani, nawashukuru wote. Nilikaa kitandani na ile sindano nikalia kidogo. Mwaka mzima nilikuwa nawapa watoto wa jirani wanitungie, najifanya nimesahau miwani.

Zile siku kumi za nesi zimeshapita. Ningeweza kutoka. Nimelifikiria kwa haki. Lakini nikitoka Profesa anaingia na feni inakuwa yake, na sasa hivi chakula kinaletwa mlangoni, na usiku nalala mpaka asubuhi, jambo ambalo nilishasahau linafanyikaje. Profesa hulala akiwa amekunja magoti hadi kidevuni. Leo asubuhi alinyooka kwa awamu. Nilimhurumia sana, nikafunga mlango.

Jumatatu, 23 Juni

Simu ya binti yangu! Mkataba wa mume wake umewahishwa. Kapewa kazi kisiwani, miaka miwili, na familia inamfuata sasa hivi, si Agosti. Watapita hapa. Wanafika Alhamisi, binti na mtoto. Jumapili wanapanda boti. Baada ya hapo sitawaona mpaka mkataba uishe.

Nilipiga kelele ya furaha humu ndani. Nikaruka. Nikafungua mlango nikatoka kwenye korido kumkumbatia mke wangu.

Mke wangu akarudi nyuma, mikono mbele.

Akasema kwa huzuni kwamba ameshaumiza kichwa namna ya kunisaidia. Mtoto atawekwa uani, mimi nitamwona kwa dirishani. Nikamwambia mionzi imepungua sana, sana. Akasema amefurahi kusikia. Nikamwambia iliyobaki ni kidogo hata haihesabiki. Akanitazama kwa upole kabisa.

"Si ulisema haiishi kamwe?"

Nimerudi chumbani. Feni inazunguka. Nimeizima.

Alhamisi, 26 Juni

Wamefika. Mke wangu amechora mstari kwenye sakafu ya korido, ukuta hadi ukuta, kwa chaki yangu ya kukatia suti. Mimi upande huu, ulimwengu wote upande ule. Mstari umenyooka kweli, kajifunza kwangu.

Binti yangu alisimama mbali na mtoto begani. Nimeona kisogo. Nimeona sikio moja. Alipopiga chafya nilisogea bila kujua, kidole kikagusa chaki, binti yangu akarudi nyuma hatua mbili akiwa amemfunika mtoto kichwa kwa kiganja. Simlaumu. Amenililia kutoka kule, kasema baba umenenepa, umekuwa mtu tena. Nikasema ndiyo mwanangu.

Mbinu za leo:
Kwanza nilivaa koti la mvua na glavu za kufulia. Nikasema hivi ndivyo wafanyavyo hospitali. Mtoto akalia aliponiona.
Halafu nikasema mionzi hupumzika mchana. Mke wangu akataka kujua mbona Jumatano ile sikulisema.
Mwisho nikasema ninajisikia nimepona. Wote wakasema asante Mungu. Hakuna aliyesogea.

Nimewajengea ukuta kwa maneno yangu mwenyewe na nimeujenga vizuri, tatizo ndilo hilo. Yupo mtu mmoja tu nyumba hii anayeweza kuubomoa, na mtu huyo nimemlaza kwenye sofa fupi wiki tatu.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemwomba Profesa. Nilimwita mpaka kwenye mstari, nikamwomba awaambie kwamba iodini inaisha. Nilitarajia anidai chumba kwanza. Hakudai kitu. Aliomba bakuli la vifungo vya dukani, akaketi sakafuni, akamwita dada yake na binti yangu.

Akapanga vifungo, vyeupe na vyeusi. Baadhi vilikuwa vya suti ya Bwana Harusi, nikakaa kimya. Akasema hiki ni kiini cha atomi moja ya iodini. Vyeupe ni protoni, kiini hiki kina hamsini na tatu, na hiyo hamsini na tatu ndiyo inayokifanya kiwe iodini na si kitu kingine. Vyeusi ni nyutroni. Humu wamezidi, hawakai kwa raha. Basi siku moja mweusi mmoja anageuka mweupe. Akatoa kifungo cheusi, akaweka cheupe. Palepale akachukua pini akairusha mbali: kiini kinapogeuka kinatupa elektroni, na elektroni hiyo ndiyo inayochoma tezi. Haifiki mbali, milimita moja mbili tu. Kisha kiini kinatulia kwa kutoa miale inayopita mwilini na kwenda kwa jirani, na hiyo ndiyo iliyoniweka nyuma ya mlango.

Nikauliza yule mweusi ameenda wapi. Akasema hajaenda popote, ndiye huyu mweupe, amegeuka akiwa palepale. Hesabu vyeupe sasa. Binti yangu akahesabu: hamsini na nne. Basi hii si iodini tena, akasema Profesa, hii ni zenoni. Gesi tulivu, haina ugomvi na mtu. Tezi haina habari nayo, inaiachia, damu inaibeba, unaipumua inatoka. Na haigeuki tena.

Mke wangu akauliza ni nani anayeamua mweusi gani ageuke lini. Profesa akasema hakuna. Atomi moja haizeeki, haijui saa yake, inaweza kugeuka leo au mwezi ujao. Ila zikiwa nyingi sana, nusu yake huwa imegeuka ndani ya siku nane, bila kukosea. Na kwenye karatasi nusu haziishi, lakini atomi zinahesabika, kwa hiyo mwilini unafika mahali imebaki moja, na moja haigawanyiki nusu, inageuka yote. Tena nyingi hazikusubiri hata kugeuka, zilitoka na mkojo wiki ya kwanza.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Dakika hamsini. Sijawahi kumpenda mtu anayeongea sana kama leo.

Mke wangu akasema vizuri, ameelewa. Sasa je, zilizobaki ni chache kiasi cha kutosha? Mtoto abebwe au asibebwe?

Profesa alikusanya vifungo taratibu. Kisha akasema: "Shemeji, mimi najua kiini cha iodini. Alichosema nesi unakijua wewe."

Mtoto ananyonya. Nilitazama chaki sakafuni.

Nikasema. Tarehe 24, nikasema. Kulala peke yangu siku kumi tu. Katikati ya Julai ilikuwa ya kwangu. Nilitaka feni.

Hakuna aliyepiga kelele, afadhali wangepiga. Mke wangu akachukua simu, akampigia nesi, akaweka spika. Nesi akasema mtoto anaruhusiwa kubebwa tangu Jumanne, akauliza kama mzee anaendelea vizuri. Mke wangu akamjibu anaendelea vizuri sana, asante. Akakata simu.

"Si ungesema tu unataka feni?" akaniambia. "Feni zinauzwa."

Nikamgeukia Profesa, nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya mgongo wake. Akanikatiza.

"Nilijua tangu siku ya pili," akasema. "Dozi ya tezi haimfungi mtu mpaka Julai. Lakini ulikuwa unalala, shemeji. Mwaka mzima dada ananipigia simu analia, anasema hulali. Nikaona sofa hainiui."

Wiki tatu nimemchunga mtu huyu kama mwizi, na yeye alikuwa akinilinda usingizi.

Mke wangu alileta kitambaa kibichi, akapiga magoti, akafuta mstari. Binti yangu akavuka. Akanipa mtoto.

Ni mzito kuliko nilivyofikiri. Ana joto. Alinitazama kwa macho makubwa kisha akalala, kichwa chake chini ya kidevu changu, palepale juu ya tezi. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia kabisa. Niliwashukuru wote kwa sauti, mmoja mmoja: nesi, mke wangu, binti yangu, Profesa, hata daktari ambaye simkumbuki sura. Nilishukuru mpaka mke wangu akaniambia inatosha, nitamwamsha mtoto.

Jumamosi, 28 Juni

Profesa yuko chumba cha nyuma. Kalala amenyooka chini ya feni mpaka saa nne asubuhi, na hakuna aliyethubutu kugonga. Binti yangu na mtoto wanalala na mke wangu, kwa hiyo mimi jana nililala kwenye sofa. Namwombea mabaya yule seremala.

Suti ya Bwana Harusi sasa ina miguu miwili. Nimeishona asubuhi hii, mtoto kalala ndani ya kapu la vitambaa, mguu wangu mmoja kwenye cherehani na mwingine unatikisa kapu. Mshono umenyooka. Nimeutazama mara nyingi.

Sitasema uongo tena. Nimemwahidi mke wangu, nimemwahidi Profesa, nimeahidi mbele ya mtoto. Mtu aliyepewa afya yake na familia kama hii hana haja ya hila. Nimeandika haya kwa moyo mweupe.

Mchana binti yangu alianza kukunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye begi. Vijisoksi. Kofia ndogo. Miaka miwili! Akirudi huyu atakuwa anakimbia, na atamwita babu mtu ambaye hamjui.

Nilikuwa nimembeba. Nikasikia nikisema, kwa utulivu kabisa, kwamba nesi amepiga simu tena.

Binti yangu akauliza kasema nini. Nikamweleza kwamba mtu aliyemaliza iodini anatakiwa kuwekewa mtoto mchanga kifuani, asubuhi na jioni, maana lile joto linaituliza tezi. Ni tiba mpya. Akauliza kwa siku ngapi. Nikasema nesi hakutaja idadi, ila wiki ya kwanza ndiyo muhimu.

Akaacha kukunja. Akanitazama, akamtazama mtoto. Profesa alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, amesikia kila neno. Nilimwangalia. Alikohoa, akasema katika maisha yake yote ya kufundisha fizikia hajakutana na kitu kinachokanusha jambo hilo.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa kitandani. Halafu akampigia mume wake kuuliza kama boti ya Jumatano inafaa.

Inafaa! Jumatano!

Namshukuru Mungu, namshukuru mkwe wangu, namshukuru na huyo nesi, mwanamke mpole sana. Jumanne itabidi apige tena.